Kiota cha Kunguru cha Chicago: Jengo Lililookolewa na Pango

Mwenye jengo akitangaza kwamba anafanya ukarabati, mpangaji haulizi litapakwa rangi gani. Anauliza pango litapanda kiasi gani. Somo hilo nililipata nikiwa nimepanga chumba kimoja cha ofisi kwenye jengo la zamani katikati ya mji. Ukarabati ulikuja kwa sura ya dari ya plastiki na taa za mirija, ukaziba boriti za mvule zilizokuwa zimebeba sakafu ya juu tangu enzi za babu zetu. Miezi mitatu baadaye tukaletewa mkataba mpya. Boriti zile nadhani zingali kule juu gizani, zikimngoja mwenye jengo mwingine atakayezifunua, azipige vanishi, apandishe pango tena.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo matatu. Kuziba ufa ni ukarabati. Kubomoa matumbo yote ya jengo na kuyapanga upya ni ukarabati. Kulirudisha jengo lilivyokuwa siku lilipofunguliwa nako ni ukarabati, na mhandisi wa uwanja wa mpira hutofautiani naye kwa neno hata kama wewe unahifadhi magofu. Nilikuwa nikiuona huo kuwa upungufu wa lugha. Lakini lipo jengo moja huko Chicago, Marekani, ambalo kila nikilisoma naona mambo hayo matatu hayatengani kirahisi kama wataalamu wanavyotaka.

Jengo hilo linaitwa Rookery. Liko kwenye pembe ya barabara za LaSalle na Adams, lina ghorofa 11, urefu wake ni kama mita 55, na lilikamilika mwaka 1888. Walilibuni Daniel Burnham na John Wellborn Root. Kwa mtindo na kwa umri wanaliweka kwenye fungu la majengo ya enzi ya Malkia Victoria, ingawa Wamarekani walikuwa wamekwisha kumfukuza babu yake, Mfalme George wa Tatu, karne nzima kabla. Enzi hazijali mipaka. Na kwa kiwanja hiki Malkia ana mkono wake kidogo, kama tutakavyoona.

Oktoba 1871 moto uliiteketeza Chicago. Watu wapatao 300 walikufa, nyumba zaidi ya 17,000 zikateketea, na karibu watu 100,000 wakabaki bila pa kulala. Kwenye pembe ya LaSalle na Adams lilisalia tangi kubwa la chuma la kuhifadhia maji. Jiji, lililokuwa limepoteza makao yake makuu, likajenga ofisi za muda kulizunguka tangi hilo. Ndani ya tangi lenyewe, Januari 1873, ikafunguliwa maktaba ya kwanza ya umma mjini. Vitabu vyake vya mwanzo, kama 8,000, vilitoka Uingereza. Vilichangwa na waandishi, wanasayansi na Malkia Victoria mwenyewe, kwa kuihurumia Chicago iliyounguliwa na maktaba yake. Ukweli ni kwamba Chicago haikuwa na maktaba ya umma ya kuungua. Lakini vitabu vimeshafika, nani angevirudisha?

Zile ofisi za muda zikawa makazi ya njiwa na kunguru. Wananchi nao wakasema ndani kuna ndege wa aina nyingine, wenye tai shingoni. Kwa Kiingereza kiota cha kunguru wa aina fulani ni rookery, na neno hilo lina ndugu yake lenye maana ya kumpunja mtu, hasa mezani kwenye kamari, kwa hiyo utani ulijitengeneza wenyewe. Jina likakaa. Kunguru hafugiki, na jina la kunguru nalo halikufugika: jengo jipya lilipokuja, yalifikiriwa majina yenye heshima zaidi, watu wakaendelea kuliita Rookery. Root akasalimu amri kwa namna yake. Akachonga kunguru kwenye jiwe la lango la LaSalle, na wapo hadi leo.

Sasa fedha, kwa sababu bila fedha hakuna cha kuchambua hapa. Ardhi ilikuwa ya jiji, ikakodishwa kwa miaka 99. Nyuma ya mradi walikuwapo ndugu wawili wa Boston, Peter na Shepherd Brooks, waliowekeza Chicago kupitia wakala wao Owen Aldis. Peter Brooks aliendesha majengo yake kwa barua. Aliamini kwamba jengo la ofisi ni la kutumiwa, si la kupambwa, na mapambo yanayochomoza yalimuudhi kwa kuwa hukusanya uchafu. Ukiitazama Rookery ilivyojaa nakshi, vinara na matao, utajua kwamba safari hii Root ndiye aliyeshinda mabishano. Lakini tazama mahali ambapo macho ya mpita njia hayafiki, utaona Brooks alipata alichokitaka.

Anza chini. Udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini, uliolowa, na mwamba uko mbali. Kabla ya Root, jengo refu lilikalishwa juu ya marundo ya mawe yaliyopangwa kama piramidi, mapana chini na membamba juu, ili uzito utawanyike. Piramidi hizo zilikula chumba chote cha chini, mahali ambapo pangekaa boila, ghala au mpangaji. Root akalaza reli za chuma, zilezile za treni, tabaka moja kukingamana na jingine, akazimwagia zege. Uzito ukatawanyika ndani ya unene mdogo tu, na chumba cha chini kikawa huru. Wahandisi humsifu kwa ufundi, na sifa anazistahili. Mimi naona pia kwamba alimpa tajiri wake sakafu moja zaidi ya kukodisha. Majengo haya hayakutarajiwa kusimama palepale yalipowekwa. Yalitarajiwa kuzama kidogo. Monadnock, jengo jingine la Root na akina Brooks, lilizama karibu nusu mita, na wapangaji wake hawakuhama.

Panda juu sasa, kwenye mwanga. Miaka ya 1880 taa ya umeme ilikuwa bado mgeni asiyeaminika, na taa ya gesi ilichafua hewa na kuta. Chumba kisicho na dirisha kilikuwa stoo, na stoo hailipi kama ofisi. Kwa hiyo Rookery ilijengwa kama sanduku lisilo na moyo: vyumba pande zote nne, katikati uwazi mkubwa wa kupitisha mwanga. Kuta za nje zilizo barabarani ni za kubeba mzigo, za graniti na tofali za rangi ya damu ya mzee. Kuta zinazotazama uwazi wa ndani zilishikwa na fremu ya chuma ili madirisha yawe mapana, zikavishwa tofali nyeupe zenye kung'aa ili jua likigonga upande mmoja lirukie wa pili. Mwanasheria aliyepanga chumba cha ndani aliuziwa mwanga uliotumika tayari na jirani yake, na bado akaridhika.

Chini ya uwazi huo Root aliweka ukumbi wa ghorofa mbili wenye paa la vioo. Vioo vilibebwa na chuma kilichotobolewa nakshi kama lesi, na maduka yaliuzunguka ukumbi kwa chini na kwa juu. Kutoka hapo ilipanda ngazi ya mzunguko, ikachomoza nje ya ukuta wa uwazi kama rosheni ya mji mkongwe wa pwani yetu, ikajipinda ghorofa baada ya ghorofa hadi juu kabisa. Burnham na Root wenyewe walihamia ghorofa ya 11. Hapo ndipo yalipopangwa Maonyesho ya Dunia ya 1893, yaliyofanyika Chicago. Root hakuyaona. Januari 1891 nimonia ilimuua akiwa na miaka 41.

Nimekaa sana kwa Root kwa sababu ya yaliyofuata. Kufikia 1905 jengo lilikuwa na miaka 17 tu na lilikwisha kuchakaa machoni pa watu. Maonyesho ya 1893, yaliyosimamiwa na Burnham, yalijaa majengo meupe, na weupe ukawa fasheni. Burnham mwenyewe alihama mwaka 1904, akaenda kukaa katika jengo jipya la Railway Exchange karibu na ziwa, jeupe kuanzia chini hadi juu. Mpangaji maarufu anapoondoka, wengine huanza kuulizana. Edward Waller, aliyekuwa na usimamizi wa Rookery, akaona ukumbi wa Root na machuma yake meusi utawafukuzia wapangaji. Akamwita msanifu Frank Lloyd Wright.

Hapa kuna umbea kidogo ambao siwezi kuuacha. Miaka ya nyuma, kwa masimulizi ya Wright mwenyewe, ni nyumbani kwa huyuhuyu Waller ambapo Burnham alimpa kijana Wright ahadi ya kumsomesha kwa gharama zake: miaka minne Paris, miwili Rome, akirudi ana kazi. Wright akakataa. Sasa Waller anamkabidhi aliyekataa ufadhili wa Burnham kazi ya kubadilisha kilichoachwa na mshirika wa Burnham aliyefariki. Wright hakuwa mgeni hapo pia, kwani aliwahi kuwa na ofisi humohumo mwaka 1898 na 1899.

Alichokifanya kilikamilika mwaka 1907. Aling'oa sehemu kubwa ya lesi ya chuma ya Root. Nguzo nyembamba za chuma cha kusubu akazivisha marumaru nyeupe, zikawa mihimili minene ya pembe nne. Juu ya marumaru akachora nakshi zilizotiwa rangi ya dhahabu, za mfumo wa Kiarabu na Kiajemi, ambazo mtu wa Lamu au Unguja angezipa nafasi mara moja kwenye ubao wa mlango. Hakuzitoa hewani. Aliziokota kwenye nakshi za Root mwenyewe zilizoko lango la LaSalle, akazinyoosha. Akaning'iniza taa kubwa za pembe nne, akaweka vyungu vya maua kwenye ngazi. Ngazi ya mzunguko huko juu akaiacha, na mifupa ya paa la vioo akaiacha.

Je, aliharibu? Wapo wanaosema Wright aliiokoa Rookery na wapo wanaosema alimvisha Root sanda nyeupe. Nimezitazama sana picha za zamani za ukumbi wa kwanza, na nikiulizwa kwa faragha nitasema ukumbi wa Root ulikuwa na uhai zaidi: kivuli kilicheza kwenye lesi ile, mahali ambapo marumaru ya Wright imekaa kimya. Lakini Waller hakulipia uhai. Alilipia wapangaji, na aliwapata.

Mwaka 1931 ikaja zamu ya William Drummond, aliyewahi kufanya kazi kwenye studio ya Wright. Sitakaa naye sana. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na jengo likataka kila mita ya sakafu iliyoweza kukodishwa. Ukumbi wa kuingilia upande wa LaSalle, uliokuwa wazi kwa ghorofa mbili, ukakatwa kwa sakafu katikati ili ghorofa ya pili iongezeke nafasi. Sehemu ya lifti ikafanywa upya kwa fasheni ya miaka ile, milango ya shaba nyeusi iliyochorwa ndege. Miaka ya 1940 paa la vioo likafunikwa kwa lami na rangi, na ukumbi uliozaliwa kwa ajili ya mwanga ukabaki unawashiwa taa saa sita mchana. Ni dari yangu ya plastiki, ila kwa kipimo cha Chicago.

Ungeweza kulia hapa, na wapenda majengo wengi hulia. Kabla ya machozi, vuka barabara ya Adams. Pembe ya pili, palepale LaSalle, lilisimama jengo la Home Insurance la mwaka 1885, ambalo vitabu vingi huliita jengo refu la kwanza duniani la fremu ya chuma. Mwaka uleule wa 1931 ambao Drummond alikuwa akikata ukumbi wa Rookery, Home Insurance lilikuwa likibomolewa kupisha jengo refu zaidi. Tafuta na ndugu zake Rookery kwa Burnham na Root. Montauk, lililokamilika 1882, lilibomolewa 1902. Woman's Temple la 1892 lilikwenda 1926. Masonic Temple la 1892, lililowahi kujisifu kwa urefu mjini, lilikwenda 1939. Majengo hayo hayakuharibiwa na marumaru ya mtu wala sakafu ya mtu. Hayapo.

Hii ndiyo hoja yangu, na najua haipendezi kwenye mikutano ya wahifadhi. Kwa miaka 80 ya kwanza hakuna sheria iliyoilinda Rookery. Kilichoilinda ni kwamba kila kizazi kilipata mtu aliyeona njia ya kulifanya lilipe bila kulibomoa. Wright alikuwa mlinzi. Drummond, pamoja na ubahili wake wote, alikuwa mlinzi. Hata aliyepaka lami alikuwa mlinzi, maana lami ni rahisi kuliko paa jipya, na jengo lisilogharimu sana halimshawishi mwenyewe kuliuza kwa mvunjaji.

Hoja hiyo ina mpaka, na mpaka wake uko kwenye barabara ileile ya LaSalle, hatua chache kuelekea kaskazini. Jengo la Soko la Hisa la Chicago, la wasanifu Adler na Sullivan, la mwaka 1894, nalo lilikuwa limebadilishwa mara kadhaa na likiendelea kuwa na wapangaji. Pango halikulisaidia. Kiwanja kilikuwa na thamani kubwa kuliko jengo, jiji likakataa kulipatia ulinzi wa kisheria, na wavunjaji wakaingia. Mpiga picha Richard Nickel, ambaye kwa miaka alikuwa akiokoa vipande vya kazi za Sullivan mbele ya nyundo, aliingia humo peke yake tarehe 13 Aprili 1972. Sehemu ya jengo ikamwangukia. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata. Chumba cha mnada wa hisa kilijengwa upya ndani ya makumbusho ya sanaa ya mji, na tao la mlango limesimama nje ya makumbusho hayo, tao lisiloingia popote.

Mwaka huohuo wa 1972 Rookery ilipata ulinzi wa jiji, na mwaka 1975 ikawa alama ya kihistoria ya taifa. Sheria ilifika ikikuta jengo liko hai, na liko hai kwa sababu lilikuwa limepigwa viraka.

Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1992 ndio uliorudisha swali langu la mwanzo. Mwenye jengo mpya alitaka kulirejesha kwenye hadhi yake. Lakini hadhi ya lini? Ya 1888, ya Root? Ya 1907, ya Wright? Ukichagua Root, itakubidi ung'oe marumaru ya msanifu mashuhuri kuliko wote nchini humo, kisha utengeneze upya lesi ya chuma iliyokwisha kutupwa, yaani kitu kipya kinachojifanya cha kale. Ukichagua Wright, Root anabaki chini ya sanda. Na Drummond je, ambaye hakuna anayemlilia?

Kanuni za serikali ya Marekani zinasema jambo la busara kuhusu hili: mabadiliko ambayo yenyewe yamepata umuhimu wa kihistoria yahifadhiwe. Si fadhila tu. Tangu mwaka 1986 mwenye jengo la kihistoria linaloingiza kipato anayefuata kanuni hizo anaweza kupunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi cha asilimia 20 ya gharama za ukarabati. Angalia maneno hayo, linaloingiza kipato. Nyumba unayoishi mwenyewe haimo. Serikali iliona kile alichokiona Peter Brooks, kwamba jengo la kale lisilo na wapangaji ni maiti inayosubiri mazishi, ikaamua kumlipa mwenye jengo ili asizike.

Kazi ya wakarabati, wakiongozwa na msanifu Gunny Harboe, ikawa ya kuchanganya zama. Paa la vioo likafunuliwa. Sakafu iliyowekwa na Drummond kwenye lango la LaSalle ikaondolewa, ukumbi ukapata tena urefu wake wa ghorofa mbili kama alivyouacha Wright. Vigae vya sakafuni vikawekwa upya kwa kufuata vya zamani. Milango ya lifti ya Drummond, yenye ndege, ikabaki. Na juu kabisa, kwenye kilele cha uwazi wa mwanga, wakaweka paa la pili la vioo ili la chini lisivuje tena. Paa hilo halikuwapo 1888, halikuwapo 1907. Ni tabaka la nne, na nimeona watalii wengi wakilipiga picha kama la Root.

Ninachotaka msomaji akitazame ni kidogo kuliko hayo yote. Ndani ya ukumbi kuna nguzo moja ambayo upande wake mmoja umeachwa bila marumaru. Pembeni yake ni weupe wa Wright, laini, mistari ya dhahabu imenyooka kama ya rula. Kisha marumaru inakatika ghafla, na unaona unene wake, kibao tu, si jiwe zima. Nyuma yake iko nguzo ya Root: chuma, nyembamba kuliko ulivyodhani, imejaa majani na mikunjo. Umbali kati ya karne hizo mbili ni upana wa kiganja. Ukiiona hiyo unajua kwamba nguzo nyingine zote ukumbini zina mtu ndani.

Naipenda nguzo hiyo kwa sababu haidanganyi. Wakarabati walichagua Wright, na tusijifanye hatujui kwa nini: jina lake linauza. Taasisi inayohifadhi kazi zake imewahi kuendesha ziara ndani ya jengo na kuwa na duka hapo chini. Hakuna atakayelipa tiketi kumwona Waller, na wachache sana watalipa kumwona Root. Uchaguzi wa 1992 ulikuwa wa kibiashara kama ule wa 1905 na wa 1931. Tofauti ni kwamba safari hii waliacha dirisha dogo la kukiri. Jengo la akina sisi, lenye boriti za mvule juu ya plastiki, halina nguzo ya kukiri.

Sasa zamu imerudi tena. Tangu janga la korona ofisi nyingi za LaSalle zimebaki tupu. Mwaka 2022 jiji lilitangaza mpango wa kusaidia wenye majengo ya barabara hiyo kugeuza ghorofa za ofisi kuwa nyumba za kuishi, baadhi zikiwa za bei nafuu. Mojawapo ya majengo yaliyochaguliwa ni nambari 208, linalotazamana na Rookery ng'ambo ya barabara, kazi ya kampuni ya Burnham ya mwaka 1914. Majengo ya nusu ya pili ya karne ya 20 yanawasumbua wasanifu kwenye kazi kama hii. Yalijengwa wakati umeme na viyoyozi vilishamwondolea mbunifu hofu ya giza, sakafu zikawa pana mno, na katikati yake kuna eneo kubwa ambalo haliwezi kuwa chumba cha kulala kwa kuwa halina dirisha. Wanalazimika kutoboa jengo ili lipumue.

Nambari 208 haikuhitaji kutobolewa, kwa kuwa kampuni ya Burnham ililijenga kwa mtindo uleule wa uwazi wa katikati. Rookery bado ni ofisi. Siku mwenye jengo atakapoona ofisi hazilipi, na siku hiyo haiko mbali kama wapenzi wa Wright wanavyotamani, atafungua michoro ya Root na kukuta kazi nusu imekwisha kufanywa. Chumba cha ndani kabisa kina dirisha, na dirisha linatazama tofali nyeupe.